Kusikiliza ni Sehemu ya Uchunguzi

Mgonjwa aingiapo katika chumba cha tabibu huanza kwa salamu. Huko Mpepai, Mbinga, kama kwingineko nchini, ataulizwa habari za nyumbani naye atajibu "nzuri", hata kama hakupata usingizi usiku kucha. Hiyo ni adabu, si maelezo ya ugonjwa. Kusikiliza kwa kitabibu huanzia pale salamu zinapokwisha.

Neno linalofuata aghalabu huwa "homa". Katika mazungumzo ya kila siku, neno hilo hubeba joto la mwili, maumivu ya viungo na hata uchovu. Mhudumu akilidaka na kuandika papo hapo kipimo cha malaria peke yake, huenda asiyasikie yaliyokuwa yakifuata: kikohozi cha wiki tatu, jasho la usiku, nguo zilizoanza kupwaya mwilini. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hudai uchunguzi wa kifua kikuu. Ugonjwa huo usipogunduliwa, mgonjwa hurudi nyumbani na kuendelea kuwaambukiza walio karibu naye.

Mwaka 1984, Beckman na Frankel walichapisha utafiti wa Marekani ulioonyesha kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2002 uliwaacha wagonjwa 335 waseme mpaka watosheke: walitumia wastani wa sekunde 92, na takriban wanane kati ya kumi walimaliza ndani ya dakika mbili. Hofu kwamba mgonjwa akiachwa aseme hatamaliza haina msingi mkubwa.

Kwa mhudumu wa afya:
1. Uliza, "Nini kimekuleta leo?" kisha nyamaza, kalamu ikiwa chini.
2. Kabla ya kupima, uliza, "Kuna lingine?"
3. Rudia ulichosikia ili mgonjwa akusahihishe.
4. Anayejieleza vyema zaidi kwa Kimatengo apatiwe mkalimani mtu mzima anayemridhia. Mtoto wake asibebeshwe siri za mzazi.

Kwa mgonjwa:
1. Tanguliza linalokutisha zaidi. Usilisubirishe hadi mlangoni.
2. Taja siku au wiki ulizougua, na dawa ulizokwisha kutumia, zikiwemo za miti shamba.
3. Kabla ya kuondoka, eleza kwa maneno yako jinsi utakavyotumia dawa.

Kipimo hujibu swali lililoulizwa tu. Swali lenyewe hutoka katika maelezo ya mgonjwa.