Dondoo muhimu: Jipime tabia kabla ya kukopa mtaji

Unafungua duka Katesh, Haydom au Dongobesh? Anza na wewe mwenyewe.

Mcheshi anafaa mnadani. Mdomo wake unauza kabla bidhaa haijafunguliwa. Tatizo lake ni kukopesha ovyo, maana kusema hapana hawezi. Daftari la madeni lishikwe na mtu mwingine, asiyeona haya kudai.

Mkimya asijilazimishe kupiga kelele. Kwenye cherehani, mashine ya kusaga au duka la pembejeo, mteja hurudi kwa sababu ya kazi safi na mizani isiyoiba.

Mwenye papara atafundishwa na vitunguu saumu vya Mbulu. Ukiving'oa leo na kuviuza leo vikiwa vibichi, bei anapanga mnunuzi. Vianike kivulini penye hewa mpaka majani yasinyae na maganda yakauke kama karatasi. Lakini usivikalie vyote ukingoja bei ya ndoto: uza sehemu, bakiza sehemu.

Mwoga namtetea, maana hatari ipo kweli. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka hadi Katesh na kufunika nyumba na maduka. Akiba isikae yote dukani. Nyingine iwe VICOBA, benki au kwenye simu.

Mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) hupitia zaidi vikundi. Chagua wenzako kwa tabia, si kwa undugu, kisha umwone ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako.