Uandishi wa Taarifa ya Makabidhiano ya Kazi

Maana

Taarifa ya makabidhiano ni maandishi ya kiofisi ambayo mtumishi anayeondoka kwa uhamisho, likizo, masomo au kustaafu humwandikia anayeshika nafasi yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali.

Umuhimu

Maarifa ya kazi ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni yale yaliyoandikwa, kama kanuni, miongozo na orodha ya vifaa. Haya hubaki ofisini. Aina ya pili ni yale aliyonayo mtu kichwani kutokana na uzoefu. Haya huondoka na mwenyewe asipoyaandika au kumwonyesha mwenzake.

Chukua mfano wa jokofu la chanjo katika zahanati. Mwongozo unaelekeza chanjo zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto lisomwe asubuhi na jioni. Muuguzi mgeni atayakuta hayo ukutani. Lakini kwamba jokofu hili hugandisha vitu vilivyo karibu na ukuta wake wa nyuma, anajua aliyelitumia tu. Asipomwambia mwenzake, chanjo ya pepopunda itapangwa huko na kuganda. Chanjo hiyo ikiganda huharibika, na ikiyeyuka huweza kuonekana nzima. Mtoto atachomwa sindano, mama atarudi nyumbani ameridhika, kumbe kinga haipo.

Muundo

1. Kichwa: kitaje kazi au ofisi inayokabidhiwa.
2. Utangulizi: nani anakabidhi, nani anapokea, lini na kwa nini.
3. Kiini: vifaa, mambo ya kuzingatia na kazi ambazo hazijakamilika.
4. Hitimisho: maelekezo ya mwisho, kisha saini za pande zote mbili na tarehe.

Mfano

TAARIFA YA MAKABIDHIANO YA CHUMBA CHA CHANJO

Utangulizi: Mimi, muuguzi wa chanjo, nimepata uhamisho. Leo namkabidhi muuguzi mwenzangu chumba hiki.

Vifaa: Jokofu 1 la gesi, mitungi 2, vipimajoto 2 na daftari la chanjo.

Mambo ya kuzingatia: Usipange chanjo ya pepopunda karibu na ukuta wa nyuma wa jokofu, maana huko huganda. Ukibadili mtungi wa gesi, agiza mwingine siku hiyo hiyo, kwa kuwa gari la wilaya huja mara moja tu kwa mwezi.

Kazi ambazo hazijakamilika: Watoto 4 wa ng'ambo ya mto hawajamaliza dozi. Kadi zao zimo kwenye bahasha ya kijani. Mama zao huja siku ya gulio, hivyo chumba kiwe wazi siku hiyo.

Hitimisho: Tumekagua vifaa pamoja, na nimemwonyesha jinsi ya kubadili mtungi.

Saini ya anayekabidhi: ………… Saini ya anayepokea: ………… Tarehe: …………

Zingatia: kila agizo katika mfano huu limefuatana na sababu yake. Anayejua sababu ataweza kuamua hata hali ikibadilika. Anayejua agizo peke yake atakwama.

Makosa ya kuepuka

(a) Kuorodhesha vifaa tu. "Jokofu lipo na linafanya kazi" ni sentensi sahihi, lakini haimsaidii anayepokea.
(b) Kuficha matatizo ili uonekane uliifanya kazi vizuri. Tatizo lililofichwa humwangukia mwenzako, na katika mfano wetu humwangukia mtoto.
(c) Kulalamikia wakubwa au wenzako. Hii ni taarifa, si barua ya malalamiko.
(d) Kutumia maneno yasiyo na kipimo, kama "mara kwa mara" au "vya kutosha". Taja siku, idadi na mahali.
(e) Kusahau saini na tarehe.

Zoezi

Wewe ni kiranja wa maktaba na unakaribia kumaliza kidato cha nne. Mwandikie mwanafunzi wa kidato cha tatu anayechukua nafasi yako taarifa ya makabidhiano yenye maneno yasiyopungua 250.

Dokezo: Kabla ya kuandika, jiulize, "Ni mambo gani matatu ninayoyajua kuhusu maktaba hii ambayo hayakuandikwa popote?" Hayo ndiyo yawe msingi wa kiini chako. Idadi ya vitabu anaweza kuihesabu mwenyewe.