Kuuchora Mtaa wa Bariadi kwa Mkaa

Mkaa wa jikoni unafaa?

Kwa vivuli vipana, ndiyo. Kwa mistari, tengeneza wako. Menya vijiti vikavu vyembamba, vipange kwenye kopo la bati lenye kifuniko chenye tundu dogo, uweke motoni. Moshi ukikoma kutoka tunduni, ipua, na usifungue mpaka kopo lipoe kabisa. Hewa ikiingia mapema utakuta majivu. Bariadi iko Simiyu, mkoa wa pamba, na baada ya mavuno masalia yake hung'olewa na kuchomwa ili kuua wadudu. Kabla hayajachomwa, jaribu vijiti vyake.

Bodaboda hazitulii, watu wanapita. Nianze na nani?

Usianze na mtu yeyote. Finya macho mpaka sura zipotee, ubaki na giza na mwanga tu. Kivuli cha vibaraza vya maduka, watu waliojikinga humo na baiskeli zilizoegeshwa huungana kuwa doa moja kubwa. Lipake lote kwa ubavu wa mkaa, kisha toa watu ndani yake kwa kifutio: bega, kofia, ukingo wa ndoo kichwani. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu wanataka kumchora kila mpita njia kivyake, na mtaa unageuka safu ya vikaragosi.

Kuna kanuni moja inayookoa muda. Ukichora umesimama na barabara ikiwa tambarare, vichwa vya watu wazima, wa karibu na wa mbali, huangukia karibu mstari mmoja. Miguu ndiyo hupanda kadiri mtu anavyokwenda mbali. Ukiketi, kanuni hiyo haikusaidii tena.

Saa ngapi ni nzuri?

Saa moja na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni. Bariadi iko karibu na Ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na vivuli hujificha chini ya miguu.

Karatasi gani?

Kaki. Rangi yake inakupa vumbi la barabara bure. Mwanga wa mabati uweke kwa chaki. Maswa, hapo jirani, wanatengeneza chaki.

Watu wakikasirika?

Salimu kwanza kwa Kisukuma, "mwangaluka" ikiwa asubuhi, na umwombe mwenye duka nafasi kibarazani. Anayekataa kuchorwa, mwache. Anayesogea kutazama, mwonyeshe karatasi.