Ubovu Uendao na Kurudi

Aghalabu kila nyumba iliyopata kumiliki redio kuukuu inaijua tiba ya kofi. Redio hunyamaza katikati ya taarifa ya habari, mwenyewe huipiga ubavuni, nayo huendelea kusema kana kwamba imekemewa. Watoto hucheka. Lakini mwanafunzi wa fizikia yampasa aulize: ni kitu gani kilichopona? Makala haya yatajaribu kuonyesha kwamba kwa kawaida hakuna kilichopona, na kwamba kuamini kinyume chake kunaweza kuleta hasara, hata kumwonea mtu.

Mkondo wa umeme huhitaji njia isiyokatika. Katika chombo cha kielektroniki njia hiyo hupita kwenye viungo vingi, huenda mamia, ambapo miguu ya vipuli imeshikizwa kwenye ubao wa saketi kwa lehemu. Kwa miaka mingi lehemu hiyo ilikuwa mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, unaoyeyuka katika nyuzi 183 za Sentigredi. Tangu Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zilipozuia risasi katika vyombo vingi vya namna hii, viwanda vimetumia zaidi bati lenye fedha na shaba kidogo, ambalo huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Zote mbili ni metali laini zinazoshikanisha vitu visivyotanuka sawasawa.

Natufanye hesabu. Kipuli cha kauri chenye urefu wa milimita 6 hutanuka kwa sehemu 7 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Ubao uliokibeba hutanuka kwa sehemu 16 hivi. Joto likipanda kwa nyuzi 40, tofauti yao ni 9 × 40 × 6 ÷ 1,000,000, yaani milimita 0.002 na ushei. Ni kidogo mno; unywele wa mtu una unene uzidio huo mara nyingi. Hata hivyo lehemu huvutwa na kusukumwa hivyo kila chombo kinapowashwa na kuzimwa, siku baada ya siku, mpaka inachoka kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Hatimaye hutokea ufa. Nao ufa hauhitaji kuwa mpana ili kuukata mkondo: kinachotakiwa ni kuachana tu. Joto likibadilika kidogo pande mbili hugusana tena, na chombo "hupona". Kofi nalo hufanya vivyo hivyo, ila huurefusha ufa.

Miaka michache iliyopita niliombwa kulitazama jokofu la chanjo katika kituo kimoja cha afya cha pwani. Chanjo nyingi sharti zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, na iliyoharibika kwa joto aghalabu haitambulikani kwa macho. Mtoto huchanjwa, mama huondoka ameridhika, na kinga haipo. Jokofu hilo lilikuwa likizimika mchana. Fundi aliletwa mara tatu, kila mara akifika na basi la alfajiri, na kila mara akalikuta likinguruma vyema. Akaandika: "Hakuna ubovu." Basi, kwa kuwa mashine haikuwa na kosa, kosa likatafutiwa mtu. Mhudumu wa zamu ya mchana alishukiwa kwamba huchomoa plagi ili achaji simu yake, na barua ya onyo ikawekwa katika jalada lake.

Mama huyo ndiye aliyetuokoa. Alikuwa ameandika katika daftari la shule saa za kila kuzimika. Nilipolisoma niliona kwamba zote zilikuwa kati ya saa 7 mchana na saa 11 jioni, na kwamba siku za mvua hakuna hata moja. Mtu anayechaji simu hangojei jua. Tulikata umeme, tukautoa ubao wa kuongozea kompresa, tukapima kwa multimita ukinzani kati ya mguu wa rilei na njia yake ya shaba. Chumbani ulikuwa karibu na sifuri. Tukauweka ubao juani juu ya kitambaa cheusi. Baada ya dakika chache kipimo kikaruka, njia ikawa imekatika kabisa, kivulini ikarudi. Kwa lenzi tuliona duara jembamba, jeusi, likiuzunguka mguu ule. Kuulehemu upya hakukuchukua hata dakika mbili. Kuiondoa barua jaladani, niliambiwa baadaye, kulichukua miezi.

Si kila ufufuo wa namna hii watokana na ufa. Tabaka la oksidi kwenye swichi huzuia mkondo mpaka lisuguliwe. Betri kavu zinazoanikwa juani hurudisha sauti ya redio kwa muda, kwa sababu mapumziko na joto huwezesha kemikali zilizojazana karibu na ncha zake kusambaa. Lakini jua halikuongeza nishati yoyote ndani yake. Lililo gumu kuligundua kuliko yote ni sharubu za bati: nyuzi nyembamba mno za metali ziotazo zenyewe juu ya bati safi na kuunganisha njia zisizopaswa kugusana. Mkondo ukiwa mkubwa sharubu huungua, chombo hufanya kazi tena, na ushahidi hutoweka. Ndizo zilizotajwa katika kuharibika kwa setilaiti ya Galaxy IV tarehe 19 Mei 1998, zilipokatika huduma za mamilioni ya peja nchini Marekani.

Mwalimu aweza kulifanya jaribio letu darasani kwa ubao wa redio iliyotupwa, usiounganishwa na umeme wowote. (Televisheni za kioo kinene ziachwe kabisa: hutunza chaji hatari hata zikiwa zimezimwa.) Wanafunzi wachague kiungo, wakipashe joto kwa jua au kwa kikaushia nywele, na kuandika saa, joto na ukinzani katika safu tatu. Wasishangae ukinzani ukipanda polepole hata pale kiungo kilipo kizima. Ule wa shaba yenyewe huongezeka kwa asilimia 0.4 hivi kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo nyuzi 30 zaeleza ongezeko la asilimia 12 tu. Kipimo kikiruka kutoka omu moja hadi pasipopimika, hapo si shaba tena, walete lenzi.