MOYO ULIOKUFA GANZI BAADA YA AJALI



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Sisi tunaokaa Fungurume tunaijua barabara yetu. Usiku na mchana makamyo yanapita kati ya Likasi na Kolwezi, yamebeba shaba, kobalti na asidi ya migodi. Barabara hiyohiyo wanapita watoto wa shule, wauza makaa na vijana wa pikipiki. Mwezi wa Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, kamyo ya asidi ilipata ajali pamoja na magari mengine. Walikufa watu wasiopungua 18, na wengine waliunguzwa na asidi. Kabla ya siku ile na baada yake, watu wa barabara hii wamezika wengi.

Leo tuseme habari ya waliobaki hai. Kuna mtu amefiwa kwa ajali, naye anakaa kwenye matanga macho makavu. Wengine wanalia, yeye anatazama tu. Chakula hakina ladha. Sauti za watu anazisikia kama zinatoka mbali. Anaswali na moyoni hasikii kitu. Kisha anajiuliza: “Je, sikumpenda? Imani yangu imekufa?” Majirani nao, mmoja anasema huyu ana moyo wa jiwe, mwingine anamsifu kwamba ana subira kubwa. Wote wawili wanakosea.

HALI HII NI NINI?

Madaktari wanaijua. Jambo zito likimpata mtu kwa ghafla, akili yake hujifunga kwa muda ili aweze kulibeba. Ni kama mkono uliopigwa sana, unakufa ganzi kwanza, maumivu yanakuja baadaye. Huwapata waliofiwa, waliookoka, waliotoa maiti ndani ya gari, na shofere pia. Kwa wengi inaondoka polepole. Machozi yanaweza kuja baada ya wiki nyingi, kwa kuona viatu vya marehemu mlangoni.

Katika Sura Al-Qasas, aya ya 10, tunasoma kwamba mama yake Nabii Musa (a.s.), baada ya kumtia mwanawe mtoni, moyo wake ulikuwa mtupu. Mwanamke huyu alikuwa amepewa ilhamu na Mola wake. Nani atasema hakuwa na imani? Mwenyezi Mungu hakumlaumu kwa utupu ule, bali aliutia nguvu moyo wake. Naye akafanya jambo moja dogo lililowezekana: alimtuma dada yake Musa amfuatilie mtoto. Ndugu yangu, hili ndilo somo letu. Moyo mtupu si dhambi. Usiulazimishe, shika jambo dogo lililo mbele yako, na ukubali kusaidiwa.

Machozi nayo si upungufu. Mtume (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kupiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kijahiliya. Basi anayelia asinyamazishwe, na asiyelia asilaumiwe.

WEWE ULIYEPATWA

1. Kama ulikuwa ndani ya ajali, ukaona kichwa kinauma sana, unatapika, umechanganyikiwa au unasinzia ovyo, nenda hospitali leo. Huenda si huzuni, huenda ni jeraha ndani ya kichwa.

2. Swali hata kama husikii kitu. Moyo ukichoka, viungo vinaubeba. Omba kwa lugha yako: “Mola wangu, moyo wangu ni mtupu, usiniache.”

3. Kula kidogo, koga, lala, fagia uwanja, nenda shambani na mwenzako.

4. Usikimbilie lutuku wala bangi. Usijinunulie vidonge vya usingizi kwenye farmasi. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa za aina ya Valium wasipewe watu wazima kwa ajili ya mshtuko katika mwezi wa kwanza.

5. Wewe shofere uliyesababisha kifo bila kukusudia, usijifungie ndani. Sura An-Nisaa, aya ya 92, imekuwekea njia ya diya na kaffara. Nenda kwa imamu, na familia ya marehemu iendewe kwa heshima.

WEWE JIRANI

Ja'far bin Abi Talib (r.a.) alipouawa katika vita vya Mu'ta, Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa walikuwa wameshughulishwa na msiba. Basi peleka uji, teka maji, peleka watoto shuleni. Usimlazimishe mtu kusimulia ajali. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize. Usimwambie “usahau.” Na usiishie siku tatu. Watu wakiisha kuondoka kwenye matanga, ndipo nyumba inapokuwa kimya. Mjane ana eda ya miezi minne na siku kumi. Nasi tusimchoke ndani ya wiki moja.

LINI KUTAFUTA DAKTARI?

Ikipita zaidi ya mwezi na ganzi haipungui. Mtu akiona ajali ile tena na tena usiku. Akishindwa kulala, kula au kutunza watoto wake. Lakini akisema anatamani kufa, msingoje hata siku moja, wala msimwache peke yake. Anzeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kule Lubumbashi kuna Kituo cha Dokta Joseph Guislain kinachotibu maradhi ya akili. Kwenda huko si aibu, na Mtume (s.a.w.) alituamuru tujitibu. Fedha ya mgonjwa isiishie kwa mpiga ramli.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa katika barabara yetu, waponye majeruhi, na mioyo iliyobaki mitupu uitie nguvu kama ulivyoutia nguvu moyo wa mama yake Musa. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Ukiisha kuisoma mpe jirani aliyefiwa, usiitupe ovyo.)