Masika haya, andaa maji kabla ya chura

Mvua za masika zikishika, wafugaji wa samaki huanza malalamiko yaleyale: asubuhi bwawani kuna vyura ambao jana hawakuwapo. Ni kweli hawakuwapo. Chura wa majini mwenye kucha hungoja usiku wa mvua, ardhi ikishalowa, akatoka kwenye dimbwi lake na kujikokota nchi kavu hadi bwawa jingine. Kiangazi chote huenda alikuwa amejifukia kwenye tope. Akifika kwako atakula viluwiluwi vya mbu, na hapo hatuna ugomvi naye, ila atakula pia vifaranga wa samaki wanaoenea mdomoni mwake. Wenye mabwawa ya kulelea vifaranga wazungushie wavu wa matundu madogo, chini wakiufukia udongoni, kabla mvua hazijakolea.

Leo lakini simzungumzii kama mwizi wa vifaranga. Watoto wengi humwokota kwenye nyavu wakamtia ndoo, kisha mzazi huuliza kama anafugika. Anafugika, tena kwa urahisi kuliko samaki wengi wa mapambo, kwa sharti kwamba anayemfuga anaelewa maji. Akitunzwa huishi zaidi ya miaka 15. Mtoto aliyemleta akiwa darasa la tatu anaweza kuondoka kwenda chuo akamwacha bado yuko tangini, kwa hiyo mkubaliane mapema nani atakuwa anabadilisha maji. Na kabla ya kumtoa bwawani, waulizeni watu wa wanyamapori wa wilaya yenu kama kibali kinahitajika.

Kwanza hakikisheni ndiye. Lowesha mikono, isiwe na sabuni wala dawa ya kunyunyizia mazao, maana ngozi ya chura hunyonya kila kitu. Utaona kichwa bapa na macho madogo yaliyokaa juu, yasiyo na kope. Mwili umejaa ute na utakuponyoka mara mbili tatu kabla hujamkagua vizuri. Ubavuni kuna alama nyeupe fupifupi, kama mshono wa sindano. Kwa hizo huhisi kila mtikisiko wa maji. Miguu ya nyuma ina utando mpana, na vidole vitatu vya ndani vina kucha nyeusi. Asiye na kucha hizo mrudishe palepale ulipomtoa, kwani chura wa nchi kavu akifungiwa kwenye tangi la maji matupu huchoka akafa.

Wa kwetu si aina moja. Kuanzia Ziwa Victoria kwenda Rwanda na Burundi yuko Xenopus victorianus. Nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania yuko Xenopus borealis. Mwambao wa Kenya na Tanzania ni eneo la Xenopus muelleri. Mkubwa kuliko hao, Xenopus laevis, ni wa kusini mwa Afrika, na jike lake hufika sentimita 12. Huyo ndiye aliyezunguka dunia. Mwaka 1930 mtafiti Lancelot Hogben, akifanya kazi Cape Town, aligundua kwamba jike akichomwa sindano yenye homoni za tezi ya ng'ombe hutaga mayai. Wengine wakaendeleza hapo wakapata kipimo cha mimba: mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura, na kama ni mjamzito mayai yalionekana ndani ya siku moja. Hadi miaka ya 1960 maabara za hospitali nchi nyingi zilikuwa na matangi ya vyura hao, na mengi tunayojua kuhusu kuwatunza yametoka huko. Waliotoroka au kuachiliwa wamezaana hadi kuwa kero Chile, Ufaransa na California.

Sasa maji. Msimu huu chura asiingie tangini. Yaingie maji peke yake, yakae wiki nne hadi sita. Najua watoto hawatapenda. Sababu ni amonia, ileile inayoua samaki wenu kwenye bwawa lililolishwa kupita kiasi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine huigeuza kuwa nitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hawapo kwenye tangi jipya. Wanaota taratibu juu ya mawe, kioo na hasa sponji ya chujio. Jaza tangi, washa chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, tupia punje chache za chakula cha samaki zioze humo, na uache. Ukipata sponji iliyokwisha kutumika kwenye tangi la mtu ambaye samaki wake ni wazima, muda utapungua sana. Vipimo vya amonia na nitraiti vikionyesha sifuri zote mbili, maji yako tayari. Asiye na vipimo apeleke maji kwa afisa uvuvi wa wilaya, wengi wanavyo.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo isiyofunikwa kwa siku nzima au mbili, ukiyakoroga mara kwa mara, ndipo uyatumie. Mamlaka zinazotia kloramini badala ya klorini zinahitaji dawa ya kuiondoa, inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, kwa sababu kloramini haitoki kwa kuachwa wazi. Na kwa kuwa ni masika, mtu atasema maji ya mvua ni ya bure. Ni ya bure, lakini yaliyotiririka juu ya bati yamebeba zinki, na zinki humdhuru chura hata ikiwa kidogo. Shaba ni mbaya zaidi, kwa hiyo dawa za samaki zenye shaba zisikaribie tangi hili.

Tangi lenyewe: lita 40 kwa chura mmoja ni kiwango cha chini, na mapana yanamfaa kuliko marefu. Kina cha maji kiwe sentimita 20 hadi 30, kwa sababu anapumua kwa mapafu na lazima apande juu kuvuta hewa. Juu acheni nafasi, kisha mfuniko wenye matundu uliokandamizwa kwa jiwe. Hapa ndipo wafugaji wengi hupoteza vyura. Usiku mvua ikinyesha, hata aliye ndani ya nyumba hutaka kusafiri, na mfuniko mwepesi haumzuii. Asubuhi anaokotwa nyuma ya kabati, amekauka. Msitumie changarawe ndogo, maana anasukuma chakula mdomoni kwa mikono na atameza kokoto pamoja na mnyoo. Mawe makubwa kuliko kichwa chake yanatosha, na chungu kilichovunjika upande, kingo zake zikiwa zimesuguliwa, ndicho chumba chake cha kujificha. Tangi lisikae karibu na redio wala mlango unaobamizwa, wala lisipigwe jua. Wa nyanda za juu mpe maji ya nyuzi 18 hadi 22. Wa mwambao huvumilia joto zaidi, ila kumbuka maji ya moto huharibika upesi.

Chakula hakina shida. Nyungunyungu wa shambani ni bora kuliko chochote, mradi shamba halijapigwa dawa. Wanaozalisha funza wa nzi-askari weusi kwa ajili ya kuku wampe hao pia. Wana kalsiamu nyingi. Chakula cha samaki cha kuzama kinafaa kwa kubadilisha. Chura mzima alishwe mara mbili au tatu kwa wiki, kiasi anachomaliza ndani ya robo saa, na mabaki yatolewe. Hana ulimi wala adabu, atakula hadi avimbe. Samaki mdogo mliyemweka naye kwa urembo hatamaliza wiki.

Kila wiki badilisheni robo ya maji. Sponji isuguliwe kwenye maji yaliyotolewa tangini, kamwe isiwe chini ya bomba, la sivyo mtaua bakteria mliowalea wiki sita. Siku moja mtaona ngozi nyepesi ikimvuka naye akiila; huo ni mwenendo wake wa kawaida. Kisicho cha kawaida ni wekundu wa mapaja na tumbo, tumbo lililojaa maji, au nyuzi za ukungu kama pamba. Hapo mtenge kwenye chombo kingine, pima maji, na umwite daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa yoyote. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni baadaye, kwa sababu vyura hubeba salmonela.

Mkichoka naye, asiachiliwe kwenye mto wala bwawa jingine. Vyura hawa hubeba ukungu wa ngozi uitwao kitridi bila wenyewe kuugua, na vyura wengine hufa kwa huo. Chura wa Kihansi, aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, baada ya bwawa la umeme kupunguza manyunyu hayo na ukungu huo kuonekana kwao mwaka 2003. Waliobaki walikuwa wakizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani. Kwa hiyo tafuteni mfugaji mwingine, au mwalimu wa biolojia mwenye tangi. Maji machafu ya tangi nayo yamwagwe kwenye migomba iliyo mbali na mkondo. Yana nitreti, na migomba huipenda. Nyavu na ndoo zilizotumika zikaushwe juani kabisa kabla hazijaingia kwenye bwawa lingine.