Filamu za Safari za Anga: Mwanafunzi Azipime kwa Kipimo Gani?

Kila baada ya miaka michache hutangazwa filamu mpya ya kubuni juu ya safari za anga, na matangazo yake hudai kwamba safari hii sayansi imefuatwa barabara. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1968 kwa filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya wanaanga wa Apollo 11 kutua Mwezini, Julai 20, 1969. Ikawa hivyo tena mwaka 2014 kwa Interstellar, na mwaka 2015 kwa The Martian. Vijana huzisubiri kwa hamu kubwa, na hamu hiyo si jambo la kubezwa na mwalimu wa fizikia, ambaye aghalabu huitafuta darasani asiione. Lakini filamu haisimami ili iulizwe swali, na picha nzuri hudumu akilini kuliko maelezo ya kitabu. Mwanafunzi anayeandika katika mtihani wa kidato cha nne kwamba "huko angani hakuna mvutano" mara nyingi hakufundishwa hivyo na mwalimu wake. Aliona kwa macho yake watu wakielea ndani ya chombo, akahitimisha mwenyewe.

Yafaa basi somo litangulie filamu. Tuchukue shule iliyoko Mchombe, katika bonde la Kilombero, kati ya mashamba ya mpunga na milima ya Udzungwa. Mpunga unapokaribia kuiva, wengi wa wanafunzi huko hujua maana ya kukaa katika dungu, usiku kulinda nguruwe na alfajiri kuwawahi ndege. Mlinzi wa dungu ana anga jeusi ambalo mtu wa mjini amekwisha kulipoteza. Saa moja hivi baada ya jua kutua, au kabla ya kuchomoza, huweza kuona nukta ya mwanga ikikata anga taratibu, bila kumetameta wala kutoa ngurumo, na pengine ikazimika ghafla katikati ya mbingu. Hiyo si nyota wala ndege, ni setilaiti. Haina taa ya kuonekana kutoka ardhini. Iko juu kiasi kwamba ingali ikipigwa na jua ambalo kwa mlinzi limekwisha kuzama, na huzimika pale inapoingia katika kivuli cha Dunia.

Inayong'aa kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, ambacho kimekaliwa na watu mfululizo tangu Novemba 2000. Kimo chake ni kilomita 400 hivi. Mwanafunzi akiulizwa nguvu ya mvutano huko ni kiasi gani, na aikokotoe. Nusu kipenyo ya Dunia ni kilomita 6,370, na umbali wa kituo kutoka kitovu cha Dunia ni kilomita 6,770. Mvutano hupungua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo 9.8 izidishwe kwa mraba wa 6,370/6,770. Jawabu ni 8.7 hivi, yaani karibu asilimia 89 ya mvutano ulioko shambani Mchombe. Mvutano haujatoweka hata kidogo. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja pasipo kukoma, huku wakienda mbele kwa kasi ya kilomita 7.7 kwa sekunde, hata ardhi ya Dunia ikajipinda chini yao kwa kadiri ile ile wanayoanguka. Kwa kasi hiyo, bonde zima la Kilombero, lenye urefu wa takriban kilomita 250, hupitwa kwa nusu dakika tu, na Dunia yote huzungukwa kwa dakika 92 au 93.

Aliyekwisha kuielewa hesabu hii huitazama filamu kwa jicho jingine. Atatambua kwa nini katika 2001 watu hutembea ndani ya gurudumu kubwa linalozunguka: sakafu huwasukuma kuelekea katikati, nao husikia kama kwamba wana uzito. Atatambua pia kwa nini nje ya chombo kuna kimya, na atazicheka zile filamu ambazo milipuko ya angani hunguruma kama radi ya masika.

The Martian ni mfano mzuri zaidi kwa darasa, kwa kuwa ni filamu makini yenye kosa kubwa mwanzoni mwake. Kisa chote kinaanza kwa dhoruba ya Mirihi inayotishia kuangusha roketi. Sasa, msongamano wa hewa ya Mirihi ni kama sehemu moja ya sitini ya hewa yetu, na nguvu ya upepo hufuata msongamano ukizidishwa kwa mraba wa kasi. Upepo wa kilomita 160 kwa saa huko husukuma kama upepo wa kilomita 20 hivi kwa saa huku, upepo wa kuyumbisha mpunga, si wa kuangusha roketi. Andy Weir, aliyetunga riwaya yenyewe, amekiri kwamba alilijua hilo, ila alihitaji msiba wa kuanzia hadithi. Mwandishi ana haki hiyo. Mwanafunzi naye ana haki ya kuligundua. Kwa upande mwingine, filamu hiyo inauheshimu muda ambao mawimbi ya redio huchukua kufika Mirihi, dakika 3 hadi 22 kwa kadiri sayari hizi mbili zinavyokaribiana na kuachana, jambo ambalo watengenezaji wengi hulikwepa kwa kuogopa kuwachosha watazamaji.

Wako vijana watakaosema kwamba mambo haya yote ni ya watu wa mbali. Jibu lao liko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapo Waitaliano walisimika jukwaa la San Marco baharini, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilirushwa kutoka hapo. Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani. Uhuru iliona kwamba eksirei za Cygnus X-1 hubadilika mara kadhaa katika sekunde moja. Kitu kibadilikacho upesi hivyo hakina budi kuwa kidogo, kwa maana hakiwezi kuzidi umbali unaopitwa na mwanga katika muda huo. Wataalamu walipoitambua nyota inayoandamana nacho na kukadiria tungamo lake, fikira zikaelekea kwenye shimo jeusi. Mwaka 1974 Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau juu ya jambo hilo. Hawking, aliyesema si shimo jeusi, alikubali kushindwa mwaka 1990. Thorne huyo huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa sayansi wa Interstellar. Hata hivyo shimo jeusi la filamu hiyo linang'aa sawasawa pande zote, kwa kuwa athari ya mwendo wa gesi iliachwa ili watazamaji wasitatizike. Picha halisi ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 10, 2019, inaonyesha upande mmoja uking'aa kuliko mwingine.

Kwa zoezi, wanafunzi wakokotoe kasi ambayo Dunia inawachukua kuelekea mashariki kwa kuzunguka kwake. Kwenye ikweta ni mita 465 kwa sekunde. Mchombe, iliyo kama nyuzi 8 kusini, watapata mita 460 hivi, tofauti ndogo mno. Kasi hiyo roketi huipata bure. Kisha waifungue ramani, watazame kilichoko mashariki ya Ngomeni na kilichoko mashariki ya Mchombe, wakikumbuka kwamba roketi huangusha vipande vyake vilivyokwisha mafuta njiani, nao waeleze kwa maandishi kwa nini jukwaa lilisimikwa kule.